Siku Waliyokuja Kupima Ziwa

Mwaka 1997, nikiwa na miaka arobaini na nane, ndipo shida yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa na taabu tu, na taabu si shida. Taabu unaamka nayo, unaifanyia kazi, jioni unailaza. Shida inakulaza wewe.

Hapa mjini wananiita Mama Bukuru. Nilizaliwa Mwamgongo, nikasoma mpaka darasa la pili, nikaolewa Ujiji, nikafiwa na mume, mapacha wangu wakiwa na miaka sita. Bukuru ni wa kiume, alitangulia kutoka. Butoyi ni wa kike, alifuata. Urithi niliopata ni sufuria mbili na shemeji wengi. Nikaenda mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inapoleta dagaa, nikaanza kuwaanikia watu dagaa wao. Baada ya miaka nikawa naanika wangu. Baada ya miaka tena nikawa naanikiwa. Sikusaidiwa na mtu, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema ili ujue ni mwanamke wa namna gani aliyefanya ujinga ninaotaka kuueleza. Ungefanywa na mpole usingefuatwa na mtu. Uliofanywa na mimi ulifuatwa na wengi.

Sisi wa dagaa hatuhesabu miezi, tunahesabu giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, na wavuvi wanakaa nyumbani wakishona nyavu. Mwezi ukipungua giza linaingia, mitumbwi inatoka na karabai. Giza moja likiisha, tunajua muda wa mwezi mmoja umekwenda. Basi uvimbe niliukuta giza la kwanza baada ya masika, nikijipaka mafuta. Ulikuwa ziwa la kushoto, juu kidogo, upande wa kwapa. Ulikuwa kama punje ya hindi iliyo chini ya mkeka: unaisikia kwa kidole, ukiangalia huioni. Hauumi. Ubaya wake ndio huo. Kinachouma tunakikimbiza, kisichouma tunakikaribisha kwenye sahani.

Ziwa lenyewe lilikuwa la Butoyi. Wale mapacha waligawana tangu wiki ya kwanza, Bukuru kulia, Butoyi kushoto, na ukiwabadilishia wanalia wote wawili. Nikajiambia ni maziwa ya zamani yameganda, yatatoka yenyewe. Maziwa ya miaka ishirini na tatu. Mtu akiogopa anaweza kuamini lolote.

Giza la pili punje ikawa karanga. Sikwenda hospitali. Hospitali ya wakati ule unachangia: unanunua daftari, unanunua glovu, unanunua uzi wa kukushona. Bima tulijua ni ya magari.

Giza la tatu likapita gari lenye vipaza sauti viwili juu ya paa. Maneno yake nayajua kwa moyo kuliko sala.

"Wataalamu watafika mwaloni siku ya Jumatano kupima ziwa. Kina mama wote mnaofanya kazi mwaloni mnatakiwa kufika bila kukosa. Hakuna malipo."

Wewe unayesoma ukiwa Dodoma pengine umeshaelewa. Sisi hatukuelewa. Kwetu ziwa ni lile la maji, lipo mbele ya mlango, linatulisha na kutuzika. Na kupimwa lilishapimwa. Walikuja Wazungu na mashua wakapima kina chake. Wakaja watu wa uvuvi wakapima matundu ya nyavu. Kila aliyekuja kupima ziwa aliondoka na wavu wa mtu. Na huyu alivyosema hakuna malipo, ndipo nilipojua kuna malipo.

Nilikuwa msemaji wa wanawake wa mwalo. Hakuna aliyenichagua, ila nikisema wananyamaza. Niliwaambia Jumatano asikutwe mtu: nyavu zenye matundu madogo zifungwe ndani ya magunia, sisi wote tupande boti ya asubuhi twende Mwamgongo kwetu, tukae huko mpaka wapimaji wachoke.

Aliyebisha alikuwa mmoja, Bi Sikudhani, mwenzangu wa biashara. Alikuwa mtu wa Ujiji, mke wa mvuvi, amesoma hadi darasa la saba. Tulishirikiana turubai moja la kuanikia kwa miaka kumi na moja. Asubuhi ya Jumatano alisimama pale mchangani na kikapu chake, akasema kwa upole wake, "Mbona wameita kina mama tu? Nyavu ni za wanaume. Kina mama wanawatakia nini?"

Nikamjibu mbele ya watu wote, "Nenda basi, Siku. Chukua na kijiko ukawasaidie kulipima. Wakimchukua mumeo na wavu wake usije kulia kwangu."

Wanawake wakacheka. Na yeye akacheka. Akainua kikapu akapanda boti. Alipokuwa akivuka ubavu wa boti niliona ameshika kanga yake kifuani kwa mkono mzima, nikafikiri ameficha hela.

Siku hiyo Mwamgongo tulikula samaki, migebuka ya kuchoma, tukaigiza wale wataalamu wanavyolichungulia ziwa na rula. Niliigiza vizuri kuliko wote. Baadaye tuliambiwa kwamba walikuja manesi wawili wanawake, wakatandaza kitambaa cheupe mezani, wakafunga pazia kwenye fito nne, wakakaa mpaka adhuhuri. Waliopita mbele yao ni mbuzi na wavuvi waliokuwa wakisinzia. Wakakunja pazia lao wakaondoka.

Miaka ile ilikuwa ya wakimbizi. Watu walivuka ziwa kutoka Zaire, wakashuka kutoka Burundi kwa miguu na kwa mitumbwi, na pwani yote ilijaa magodoro na watoto. Makambi yalikuwa huko juu upande wa Kasulu, lakini wengi waliomba kibali cha siku chache, na kibali kikiisha wanabaki kutafuta kibarua. Hivyo ndivyo nilivyompata Spesioza. Alikuwa Mrundi wa miaka thelathini hivi, mkimya, mwenye mkono mwepesi wa kugeuza dagaa. Kwao alikuwa akifagia zahanati ya masista. Nilimlipa pungufu ya wenzake kwa sababu hakuwa na pa kunishtakia. Nalisema hili mwenyewe kabla hajalisema mtu mwingine.

Asubuhi moja, giza lile la tatu linakwisha, tuliingia majini mimi na yeye kujisafisha magamba. Nilifungua kanga. Spesioza akaacha kujisugua. Akasema, "Mama, hapo ngozi imevutwa ndani."

Nikaangalia. Kweli, ilikuwa imeingia kama kitovu cha pili. Nikamwambia aoge, asinihesabu mwili.

Hakunyamaza. Alisema kambini walikuja watu wa kuangalia jambo hilo hilo, wakasema kwa Kirundi, wazi, amabere, na wanawake wakapanga foleni. Kisha akasema, "Gari lile lililokuja Jumatano hapa mwaloni lilitokea kwetu kambini. Hawakuja kupima maji, mama. Walikuja kupima amabere."

Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja. Ibere ni titi, nalijua neno hilo kabla ya kujua kutembea. Ile lugha ya gari ilikuwa Kiswahili cha adabu, kinachosema ziwa kwa kuona haya kusema titi. Nesi mmoja alinieleza baadaye jinsi walivyolitunga tangazo lile: neno saratani waliliacha wasije wakatutisha, neno titi waliliacha wasije wakatuaibisha. Likabaki ziwa peke yake. Nilisimama ndani ya maji hadi magotini, ziwa moja mbele yangu na jingine mkononi.

Ungedhani nilitoka pale nikakimbilia hospitali. Sikukimbia. Nilimwambia Spesioza akilisema jambo lile kwa mtu nitamfukuza kazi. Kukubali kwamba ni kweli ilikuwa nikubali mbele ya mwalo mzima kwamba niliwakimbiza wanawake mbali na dawa. Nikanyamaza giza zima, la nne. Karanga ikawa yai la kanga. Wanawake wenzangu, ugonjwa huu unapenda watu wenye kiburi. Unatuacha tukae nao.

Kisha ikaja amri wakimbizi wote warudi makambini, na lori likaja kuwachukua. Spesioza alipanda na mkeka wake na sufuria yake. Kabla lori halijaondoka aliniinamia kutoka juu akasema, "Jumatatu wanarudi kupima kambini. Njoo, mama." Mimi niliyemlipa pungufu.

Nikaenda. Nilivaa kanga chakavu ili nifanane nao, na kwa kweli sikuhitaji kujichosha, maana dagaa ilishanifanya nifanane na yeyote. Spesioza alinipokea getini akaniweka kwenye foleni kati ya wanawake waliokaa chini ardhini, kila mmoja na kadi yake ya chakula mkononi. Mimi sina kadi. Kulikuwa na bango kwamba huduma ni ya wakimbizi tu. Miaka mingi nilikuwa nimelitamka neno mkimbizi kwa ule mdomo tunaoutumia, mdomo wa kutema. Siku ile niliomba Mungu nidhaniwe mkimbizi.

Muuguzi alikuwa mwanamume, naye Mrundi, koti jeupe limemzidi mabega. Akaniuliza kwa Kirundi jina, nikajibu. Akauliza natoka mlima gani, maana Warundi kila mtu ana mlima wake. Swali hilo Spesioza hakunifundisha. Nikasema, "Mwamgongo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema mlima huo uko majini. Muuguzi naye alitabasamu, akainamisha kichwa, akaandika: mlima, Mwamgongo. Ile karatasi ninayo hadi leo.

Nyuma ya pazia hakutabasamu. Alibonyeza kwa vidole vitatu, akaenda kwapani, akarudi. Akaacha Kirundi, akasema Kiswahili, ili nisije nikasingizia lugha. "Mama, hili haliko kwenye uwezo wetu hapa. Nenda hospitali ya mkoa wiki hii. Usiseme wiki ijayo." Akaniandikia barua.

Barua hiyo sikuweza kuisoma, na Butoyi sikutaka aisome. Nikaipeleka Ujiji kwa Bi Sikudhani. Alikuwa uani akichambua mchele. Alinawa mikono, akaisoma yote taratibu, akaikunja. Akasimama, akafunga mlango wa uani, akafungua kanga yake.

Sitaeleza nilichoona. Nitasema tu kwamba langu lilikuwa bado ndani na lake lilikuwa limeshatoka nje, na alikuwa amelifunga kwa kitambaa cha kitenge kilichofuliwa vizuri.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema," akanijibu. "Nilisema mbona wameita kina mama tu."

*

Hospitali ya mkoa tulikwenda pamoja. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi lile, nikueleze. Unafika alfajiri, unakuta watu wamekuja kabla ya alfajiri. Unakaa mwisho wa benchi, na kila anayeingia kwa daktari, benchi zima linasogea makalio mara moja. Tulisogea siku tatu. Siku ya kwanza daktari hakuwepo, ya pili umeme haukuwepo, ya tatu tuliingia. Bi Sikudhani alileta chapati kwenye bakuli lenye kifuniko, tukawagawia wa kulia na wa kushoto, na mama mmoja wa Rusimbi alituazima mto wake wa kukalia. Huwezi kujua mto ni nini mpaka umekaa kwenye ubao siku tatu.

Daktari alikuwa kijana mgeni, wa huko kaskazini kwenye baridi. Aliniuliza uvimbe una muda gani.

"Giza nne," nikamwambia.

Akaacha kuandika. "Macho pia yanasumbua, mama?"

Bi Sikudhani alicheka mpaka akashika ukuta. Ilibidi yeye amweleze yule kijana habari za mwezi na dagaa, naye akahesabu kwa vidole, akaandika miezi minne. Ndivyo ilivyo. Wenye dawa wana maneno yao na sisi tuna yetu, na katikati hapo ndipo watu wanapofia.

Mimi niliambiwa nitakatwa ziwa lote, kisha nitapelekwa Dar es Salaam kwenye mionzi. Bi Sikudhani aliangaliwa muda mrefu zaidi yangu na kuongea naye kulikuwa kufupi zaidi. Alipewa dawa ya maumivu na ya kusafishia kidonda. Tulipotoka nilirudi peke yangu mlangoni nikamuuliza daktari: kama angeonwa ile Jumatano? Alisema hawezi kujua. Nikamwambia aseme tu. Akasema tena, hawezi kujua, mama, na akaangalia kalamu yake. Jibu hilo nimeishi nalo. Angesema ndiyo ningelia nikamaliza. Angesema hapana ningepumua. Alisema hajui, na mimi nikabaki hapo hapo.

Nyumbani ikawa vita. Bukuru wakati huo alikuwa mtu mzima, mvuvi, ana mke. Alisema nimerogwa na wenye wivu wa mwaloni na kwamba kuna mganga ng'ambo anaweza kuutoa bila kisu. Alisema mama hakatwi. Nikamuuliza hakatwi wapi? Akasema hapo. Hapo wapi? Akageuza uso ukutani. Hakuweza kulitaja, na mimi nikaona ile adabu ya gari imekaa mpaka ndani ya nyumba yangu, kwa mwanangu niliyemnyonyesha kwa hilo hilo asiloweza kulitaja. Nikamwambia, "Linaitwa titi. Wewe ulikunywa la kulia, mwenzako la kushoto. Linalokatwa ni la mwenzako, basi mwenzako ndiye aseme."

Butoyi, aliyekuwa amekaa karibu na jiko, akasema, "Likatwe."

Bukuru akaondoka. Siku ya kisu walitaka ndugu wa kiume aweke sahihi. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu mwenyewe, herufi moja moja. Darasa la pili linatosha kwa hilo.

Nilipoamka upande ule ulikuwa bapa kama sahani na umefungwa kama mtoto. Sikulia kwa ajili ya uzuri, uzuri wangu dagaa ilishaumaliza. Nililia kwa sababu mkono ulitaka kwenda pale, kama ulimi unavyoenda kwenye pengo, na kila ulipokwenda ulikuta hakuna.

Giza mbili Bukuru hakuonekana. Siku moja mchana aliingia wodini na mgebuka mkubwa umefungwa kwenye gazeti, akauweka kitandani miguuni pangu, wodi nzima ikanuka ziwa. Akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Samaki yule nilishindwa kumla kwa kichefuchefu lakini nililala naye pale mpaka nesi akamchukua.

Dar tulikwenda kwa treni, mimi na Butoyi, tumebeba dagaa za kula na za kumpa mwenyeji wetu. Siku za njiani nilikaa nimeegemea upande wa kulia, kila behewa likitikisika nazishika nyuzi. Mionzi haiumi ikikupiga, inauma ikishakupiga. Ngozi ilibadilika ikawa nyeusi na kukakamaa, kama dagaa waliosahauliwa juani. Kule kwenye korido nilikutana na wanawake wa kila mkoa, na swali letu lilikuwa moja: wewe ulichelewa kwa nini? Mmoja alisema nauli. Mmoja alisema mume. Mmoja aliambiwa na mkunga ni maziwa. Nilipofikiwa mimi nilisema nauli. Sikuwa tayari kuwaambia niliikimbia dawa kwa boti.

Mwezi sikuuona Dar. Kulikuwa na taa nyingi mno. Nilimuuliza mfagiaji giza limeingia lini, naye akanionyesha swichi.

Tuliporudi Kigoma masika yalikuwa yameanza. Mkono wa kushoto ulivimba na hadi leo unavimba nikibeba kitu. Nilishona kifuko cha ulezi nikakivaa ndani ya sidiria, ili gauni likae sawa. Siku ya kwanza kukivaa sokoni kikatoboka, kuku watatu wakanifuata kutoka kwa muuza chumvi mpaka kwa fundi viatu. Niliporudi nilimhadithia Bi Sikudhani naye alicheka bila sauti, maana sauti ilikuwa imekwisha.

Alikuwa amelala kwenye chumba cha mbele, Ujiji, dirisha wazi kwa sababu ya harufu. Mumewe alimtunza, sitamsema vibaya. Lakini kidonda alinikubalia mimi. Kila asubuhi kabla ya mwaloni nilikwenda na maji ya chumvi yaliyochemshwa. Namfungua, naosha, nafunga. Nilikuwa naosha kazi yangu mwenyewe. Siku moja nikaanza kusema, "Siku, ile Jumatano mimi..." Akaweka kidole mdomoni mwangu, kidole kikavu kama kijiti.

"Lile gari likija tena," akasema, "waulize ziwa lipi."

Hakuwa ananisamehe na hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananipa kazi, kama tulivyopeana kazi miaka kumi na moja, wewe geuza, mimi nikunje. Alikufa wiki hiyo, mvua ikinyesha, tukamzika udongo ukiwa tope. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Gari lilichukua miaka sita kurudi. Vipaza sauti vipya, maneno yale yale: kupima ziwa. Nilikuwa naanika. Nilitembea mpaka katikati ya barabara nikasimama mbele ya bampa, dereva akapiga breki akanitukana, na mtendaji wa kata akashuka.

"Ziwa lipi?" nikamuuliza.

Aliniomba nisogee pembeni, ataeleza. Nikamwambia aeleze humo kwenye kipaza sauti. Yule baba alitoka jasho. Akaninong'oneza, "Mama Bukuru, shikamoo, nielewe. Mimi siwezi kusema hilo neno hadharani. Mama mkwe wangu anakaa mtaa huu."

"Naye analo," nikamwambia. "Nipe."

Nikakaa mbele, nikazunguka mwalo, Katubuka na Rusimbi. Sikusema mengi. Nilisema si ziwa la maji. Ni titi. Ni ibere. Hawachukui wavu, hawaombi kadi, hawaulizi mlima. Mwenye moja na aje, mwenye mawili na aje, mimi niliyebaki na moja nitakuwa pale wa kwanza kwenye benchi. Wanaume walijificha ndani kwa aibu. Wazee wa msikitini walilalamika. Wanawake walicheka, na waliocheka walikuja, wakajaa benchi hadi tukaleta magunia ya kukalia. Mama mkwe wa mtendaji alikuja amejifunika hadi macho. Butoyi alikuja na mabinti zake. Alikutwa salama. Mmoja wa wanawake wangu wa kuanika alikutwa na punje ya hindi, giza la kwanza tu, akakatwa kidogo, na leo ananibishia bei.

Wale kumi na wangapi niliowapandisha boti mwaka ule sijui wote waliishia wapi. Spesioza alirudi kwao makambi yalipofungwa; nilipeleka salamu kwa wanaovuka, hazijarudi na jibu. Mshahara niliompunja ninao moyoni, haujapata pa kwenda.

Wewe unayesoma na una kitu hapo, kisichouma, huna bima na huna nauli: nenda hivyo hivyo. Simama kwenye foleni ambayo si yako. Watakucheka, kisha watakuandika.

Leo nina miaka sabini na kidogo. Nina nyumba ya vyumba vitatu Rusimbi, bati jipya upande mmoja. Nina chanja kumi na mbili za kuanikia Kibirizi na mashine moja ya kushonea. Nina mapacha, wote hai, na wajukuu saba. Nina karatasi inayosema mlima wangu ni Mwamgongo. Bima sina. Nina kovu moja refu na titi moja, la kulia, la Bukuru. Nina kanga ya Sikudhani, kipande kimoja, alama ya dawa imegoma kutoka. Nina kipaza sauti cha mkono, kinakula betri sita, na gari likisikika naanza kukitafuta kabla halijafika.